Butembo na Beni: vijana wafundishwe kuiamuru kompyuta, si kubonyeza tu

Katika barabara za biashara za Butembo na Beni, biro za kuchapa na kufotokopi maandishi ni nyingi. Humo vijana wanajifunza Word na Excel, wanapata cheti, kisha wanatafuta kazi. Na kazi wanayoipata mara nyingi ni ya kurudia-rudia: kufungua faili, kubadili jina lake, kuihifadhi, kufungua nyingine, mpaka umeme ukatike au esansi ya jenereta iishe.

Kazi hiyo kompyuta inaweza kuifanya yenyewe. Windows ina dirisha jeusi la kuandikia amri, na Linux ina Bash, programu ya bure iliyotolewa mwaka 1989. Amri zikiandikwa pamoja katika faili moja, hiyo ndiyo skripti. Haihitaji intaneti wala mashini mpya.

Kwa mfano, perefe wa shule anayetaka nakala za barua na buletini zake zote kwenye flashi anahitaji mstari mmoja tu:

copy *.docx D:\akiba\

Mstari huo unaandikwa katika Notepad na kuhifadhiwa kwa jina linaloishia na .bat, ndani ya folda yenye buletini. D ni herufi ya flashi, na kwa mashini nyingine inaweza kuwa E au F. Folda ya akiba iundwe kwanza kwenye flashi. Baada ya hapo, kila jioni inatosha kubonyeza faili hiyo mara mbili. Katika jimbo ambalo vita vinafukuza watu makwao, hilo si jambo dogo: flashi inaingia mfukoni, kabati la karatasi linabaki nyuma.

Wakaaji wa Beni na Butembo wanajua pia uzito wa orodha. Ugonjwa wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020 ulipata watu 3470, na 2287 kati yao walikufa. Kila aliyekaribiana na mgonjwa alipaswa kufuatwa siku 21. Katika kazi kama hiyo, jina lililorukwa ni nyumba isiyotembelewa. Mtu anayesoma majina mia tano kwa macho usiku anachoka. Skripti inayotafuta majina yaliyorudiwa au siku zisizojazwa haichoki.

Lakini skripti inatii bila kufikiri. Hiyo ya juu ikikuta faili ya zamani yenye jina lile lile, inaifuta na kuweka mpya bila kuuliza. Amri ya kufuta nayo haipeleki kitu kwenye pipa la taka, kilichofutwa kimekwenda. Anayeanza ajaribu kwanza kwenye nakala, na asikubali skripti ya WhatsApp ambayo haelewi kila mstari wake.

Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kiko Butembo, na shule za sekondari zinazofundisha informatike zipo katika miji yote miwili. Saa chache za somo hili katika mwaka zingetosha kwa mwanzo, na mashini zilizopo zinatosha. Kijana anayejua kubonyeza tu anamaliza siku akifanya kazi ya mashini. Anayejua kuiamuru anabaki na muda wa kufanya kazi ya mtu.