Kijana akitaka kuzunguka Asia mwaka mzima

Mzazi mwenzangu, mwanao akisema anataka kubeba begi mgongoni azunguke Asia ya Kusini-Mashariki mwaka mzima, usikimbilie kumkatalia. Mwambie alete kalenda, mkae mezani.

Anzeni na majira. Oktoba na Novemba, Hoi An, katikati ya Vietnam, hukumbwa na mafuriko. Machi, Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand, hujaa moshi wa mashamba na misitu inayoungua; mwenye pumu asipange kuwa huko.

Kisha sikukuu. Tet, mwaka mpya wa Vietnam, huangukia mwishoni mwa Januari au Februari: mabasi hujaa, maduka mengi hufungwa. Siku ya Nyepi, kwa kawaida Machi, Bali nzima hunyamaza, hata uwanja wa ndege hufungwa. Songkran, Aprili 13 hadi 15, Wathai humwagiana maji barabarani. Ajali za pikipiki huwa nyingi, basi asikodi.

Hapo ndipo akate tiketi. Kwa kila sikukuu aandike atalala wapi na atapiga simu nyumbani lini. Asiyeweza kuijaza kalenda hiyo mwenyewe, safari isubiri.