Jina Linalotoa Jibu la Uongo

Mwenzangu anayesoma fizikia aliniuliza «verre métallique» tuiiteje kwa Kiswahili. Nikajibu bila kufikiri: kioo cha metali. Akauliza tena: «Basi kinapitisha umeme?» Nikasema hakipitishi. Nilikosea, na jina nililolibuni mwenyewe ndilo lililonikosesha.

Kitu hicho ni metali. Mwaka 1960 Pol Duwez na wenzake, huko California, waliyeyusha dhahabu na silikoni, wakaupoza mchanganyiko huo kwa kasi ya nyuzi kama milioni moja kwa sekunde. Atomu hazikupata muda wa kujipanga kuwa fuwele. Ziliganda ovyo kama zilivyokuwa katika kimiminika. Baadaye ikawezekana kupata vipande vya unene wa milimita, hata sentimita, kwa mchanganyiko wa zirkoni, shaba, nikeli na alumini.

Baridi kali ndiyo inayolipima jina. Waya wa shaba ukipozwa, atomu zake hutikisika kidogo zaidi, elektroni hupita kwa urahisi na ukinzani hushuka sana. Katika metali hii, elektroni zinatatizwa na ule mpangilio wa ovyo, na baridi haiupangi upya. Kwa hiyo ukinzani hubaki mkubwa, karibu vilevile. Katika nyingi huongezeka kidogo joto linapopungua. Lakini baadhi ya zile zenye zirkoni, zikifika nyuzi chache tu juu ya sifuri kamili, yaani karibu nyuzi 273 chini ya kuganda kwa maji, hupoteza ukinzani wote.

«Kioo» kinamletea msomaji dirisha na sura yake mwenyewe. «Metali isiyo na fuwele» inamwambia mawili: ni metali, basi umeme unapita, haina fuwele, basi unapita kwa shida, na kwa kawaida kuipoza hakuondoi shida hiyo.

Mtasema Kifaransa nacho kinasema «verre». Ni kweli, ila wanafizikia wamekwisha kulipanua neno hilo hadi likataja kila kigumu ambacho atomu zake hazina mpangilio. Sisi tukitafsiri neno peke yake, tunabeba ganda na kuacha kiini.

Walimu na wanafunzi wenzangu, napendekeza kila istilahi ya sayansi tunayoibuni kitivoni ipelekwe kwanza kwa mwanafunzi wa sayansi, naye amuulize mmoja wetu swali moja tu. Jina likitoa jibu la uongo, lirudi mezani. Langu limekwisha kurudi.