Kiberiti kikilowa, migebuka haisubiri

Masika haya nimeulizwa swali moja mara tatu, na wote walioniuliza ni wanaopanda boti Kibirizi kwenda Mwamgongo na Kagunga. Kiberiti kikilowa tufanyeje? Mwenye migebuka mibichi ufukweni, hana barafu na jua limegoma, hana njia ila kuikausha kwa moshi. Njiti zikishakuwa uji, mzigo unanuka kabla ya kesho.

Jibu langu liliwachekesha: kitambaa kilichounguzwa, jiwe na kipande cha tupa. "Bwana shamba, unaturudisha kwa mababu!" Sawa. Afadhali mababu kuliko ninachokiona huko, petroli ya injini kumwagiwa kuni mbichi.

Tumia pamba tupu, kama kanga iliyochakaa au shuka kuukuu. Mara ya kwanza nilikata kitambaa chenye nailoni, kikayeyuka na kugandia kopo kama lami. Choma uzi mmoja kwanza: pamba huacha jivu, nailoni huacha kidonge kigumu. Kata vipande vya upana wa vidole vitatu, vitie kwenye kopo la bati lenye mfuniko, toboa tundu dogo kwa msumari, kisha weka kopo juu ya makaa, nje ya nyumba. Moshi utatoka tunduni. Ukikoma, epua, ziba tundu kwa kijiti na usifungue mpaka kopo lipoe kabisa. Hapa ndipo wengi wanaharibu, maana hewa ikikikuta kitambaa bado cha moto, kinageuka majivu. Kilichofaulu ni cheusi tii na bado kinashikika.

Jiwe ambalo wazee waliliita gumegume si lazima. Jiwe jeupe la kwatzi, lililopasuka likabaki na ukingo mkali, linatosha. Tupa iliyochakaa omba kwa fundi seremala; chuma chake ni kigumu, msumari wa kawaida hautoi cheche. Weka kitambaa juu ya jiwe karibu na ukingo, upige ukingo huo kwa tupa ukishuka. Cheche ikishika utaona nukta nyekundu inatambaa bila mwali. Ifunge ndani ya makapi makavu ya mawese, ambayo kwetu hayakosekani na yana mafuta bado, upulize taratibu.

Mtu ataniambia: si nitie kiberiti kwenye chupa yenye kifuniko? Tia, leo hii. Lakini njiti huisha, na mkono wenye maji huilowesha njiti hata ikitoka kwenye chupa kavu. Kitambaa nacho hakipendi maji, kwa hiyo kikae kwenye chupa hiyohiyo. Wenye maduka ya ufukweni, mnaopanga viberiti chini ya bati linalovuja, mnaweza kuuza na vikopo hivi.

Na kipande kilichoshika moto hakizimiki kwa kukitupa chini. Kinaendelea kuungua kimyakimya. Kizamishe ziwani kabla hujarudi kwenye boti yenye petroli.