Gari ya zamani nayo inahitaji sondi yake

Kila mwenye gari hapa Goma amekwisha kusikia lile neno: «Patron, hiyo kitu ni ya Wazungu, kwetu haina kazi. Tuichomoe tu.» Linasemwa Birere, linasemwa Katindo, na linasemwa hata na mafundi wazuri kabisa, wale wanaojua ugonjwa wa moteri kwa kusikia tu sauti yake. Siye wenyewe tulilisadiki miaka miwili. Leo tunasema: kwa gari nyingi zinazotembea katika muji huu, neno hilo ni la uongo, na linakula pesa ya watu ambao hawana pesa ya kuliwa.

Kitu chenyewe ni sondi lambda. Ni kidude kinachofanana na buji, kimefungwa kwenye bomba la moshi, karibu na moteri. Kazi yake ni kunusa moshi na kuangalia kama kumebaki oksijeni. Ikiisha kupata moto, kama digri 300 hivi, inatoa umeme kidogo: karibu volti 0,9 kama esansi imezidi, karibu volti 0,1 kama hewa imezidi. Ubongo wa gari, ile kalkilateri, unasoma habari hiyo na kupunguza ao kuongeza esansi, mara nyingi katika kila dakika. Inatafuta kipimo kimoja: kilo 1 ya esansi kwa karibu kilo 14,7 za hewa. Tena si kitu cha jana. Bosch na Volvo waliianzisha mwaka wa 1976. Wengi kati ya wanaosema ni mambo mapya walikuwa hawajazaliwa.

Sasa, «gari ya zamani» maana yake nini? Hapa njo watu wanachanganya. Kama uko na gari ya karibirateri, ao Land Cruiser ya zamani ya mazout, maneno haya hayakuhusu. Gari yako haikuzaliwa na sondi, usikubali mtu akuuzishe. Lakini zile Toyota ndogo za injeksyo, za miaka ya 1990 na 2000, zilizotoka Japani na volani yake ya kuume, zile tunazopanda kutoka Entrée Président mpaka Birere, hizo ziko na sondi. Kenya haipokei gari iliyopita miaka 8, Uganda inakataa iliyopita 15. Siye tunatembelea zenye miaka 25, na tunaziondolea vipande.

Na Goma si pahali pa kuondoa kipande hiki. Tuko karibu mita 1 500 juu ya bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, inapungua karibu sehemu moja kwa saba ukilinganisha na ya Mombasa ao Dar es Salaam ambako gari zilishukia. Ni kweli, kalkilateri iko na vipimo vingine vya hewa, lakini sondi njo inasahihisha hesabu mwishoni. Ukiichomoa, gari haizimi. Hapo njo tunadanganyika. Inawaka, inatembea, inapanda hata mlima, ila kalkilateri inafanya kazi kama kipofu, na kwa kuogopa kuunguza moteri, mara nyingi inamwaga esansi nyingi. Buji zinakuwa nyeusi, moshi unanuka, katalizeri inapata moto kupita kiasi mpaka inaziba. (Kama ingali pale. Ndani yake kuna platini na paladi, na kuna watu wanalijua hilo kuliko wenye gari.) Taa ya moteri inawaka kwenye tablo, na dawa yake tunaijua wote: wanatoa ampuli.

Tuliyaona kwetu. Tuko na kagari kamoja ka teksi, ka mwaka 1999. Dereva alianza kulalamika: «Papa, hii gari inakunywa sana.» Tukafikiri anatafuta kupunguza versement. Maana ndivyo tulivyopangana, na ndivyo wengi wanapangana hapa: vipande ni vya mwenye gari, esansi ni ya dereva. Kwa hiyo sondi ikifa, mwenye gari hasikii kitu. Versement yake inaingia jioni kama kawaida. Anayeumia ni yule anayesimama mbele ya ba-kadhafi kila asubui, kununua kwa bidoni, kwa bei ya siku hiyo. Tuseme gari inatumia lita 12 kwa siku na inazidisha asilimia 15 tu. Kwa siku 26 za kazi ni karibu lita 47. Hizo ni chakula cha watoto wa mtu. Na wizara ya nishati ya Marekani inaandika kwamba sondi iliyokufa kabisa inaweza kuharibu zaidi ya hapo.

Tunajua majibu. Esansi ya bidoni haiaminiki, sondi mpya itachafuka tena. Kweli, inaweza. Ile ya risasi, iliyokuwa inaziua haraka, iliisha katika Afrika yetu tangu 2006, lakini uchafu mwingine ungali. Hata ile silikoni wanayopaka kwenye moteri inaiharibu. Na sondi haikufanywa kuishi milele: zile za waya moja ni za kilomita 50 000 mpaka 80 000, zile za waya 4 zinaweza kufika 160 000. Zetu zilipita hapo kabla ya kupanda meli.

Jibu lingine lina nguvu zaidi: mara nyingi si sondi. Barabara zetu za mawe ya volkano zinapiga bomba la moshi mpaka linapasuka. Tundu likiwa mbele ya sondi, hewa ya inje inaingia, sondi inadanganywa, kalkilateri inaongeza esansi bure. Unanunua sondi na ugonjwa unabaki. Basi fundi achomelee tundu kwanza, kisha achukue kipimo chake cha umeme, moteri ikiwa ya moto, aangalie: kwa zile za kawaida, namba ikiruka-ruka kati ya 0,1 na 0,9, sondi ni muzima. Ikisimama pamoja, imekufa. Ni kazi ya dakika 10, haihitaji mashini ya bei.

Siye tulibadilisha ile ya mbele, na tuliilipa wenyewe, si dereva. Ile ya pili, ya nyuma ya katalizeri, kazi yake kubwa ni kuchunguza katalizeri tu. Hiyo bado haijabadilishwa, na kwa sasa haituharakishi.