Aliyetangulia Njiani Ana Deni

Mwaka wa masomo unapokaribia tamati na karatasi za mtihani kuanza kurundikana mezani, mazungumzo ya chumba cha walimu hubadilika. Anayetaka kusafiri huuliza, na aliyekwisha kusafiri hujibu. Katika shule ninayofundisha, huku magharibi mwa nchi, mazungumzo hayo yamehusu safari moja ndefu. Walimu saba, pamoja na jamaa zetu, tumekuwa tukiweka akiba kila mwezi ili tufike Lamu wakati wa likizo ya Desemba. Kutoka Kisumu hadi Nairobi ni kilomita zipatazo 350. Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni karibu 480. Kutoka Mombasa hadi gati la Mokowe, ambapo barabara huishia na bahari kuanza, ni zaidi ya 300. Kwa mshahara wa mwalimu aliye na watoto watatu, safari kama hiyo haifanywi kila mwaka. Baadhi yetu hawataifanya tena maishani.

Kwa sababu hiyo nimeyasikiliza mashauri ya wenzangu kwa makini kuliko kawaida, na nimeona jambo ambalo ningependa walimu na wanafunzi wenzangu walitafakari. Watu wengi waliosafiri hawajui kusimulia safari zao kwa namna ya kumfaa anayefuata. Husimulia kwa kujisifu, au kwa kutisha, au kwa mapenzi ya ujana wao uliopita. Anayepanga safari hubaki na masikio yaliyojaa na daftari tupu. Kwa maoni yangu, aliyetangulia njiani ana deni kwa anayemfuata, nalo hulipwa kwa kutaja mambo yenyewe: mwaka, saa, nauli, adha na jina la mahali.

Nitoe mfano. Mwalimu wetu wa Jiografia, ambaye amebakisha muda mfupi kustaafu, alikwenda Mombasa mwaka wa 1991 kwa gari moshi la usiku. Anaposimulia, chumba kizima hunyamaza. Tunamwona mhudumu akipita kwenye ujia akigonga kengele ya chakula cha jioni. Tunaona shuka nyeupe zikitandikwa. Tunaamka naye alfajiri, dirisha limejaa minazi. Msimulizi ni hodari, na kila neno alilosema ni kweli. Lakini alipomaliza alitushauri tufanye vivyo hivyo, na hapo ndipo kumbukumbu ilipogeuka mtego. Gari la reli ile ya zamani liliacha kubeba abiria baina ya Nairobi na Mombasa mwaka wa 2017, reli mpya ya SGR ilipofunguliwa. Kituo cha Nairobi sasa kiko Syokimau, na cha Mombasa kiko Miritini, nje ya mji. Anayetoka Kisumu kwa basi na kushukia katikati ya Nairobi hana budi kupanga jinsi ya kufika Syokimau mapema, kwa kuwa mizigo hukaguliwa kabla ya kupanda na kitambulisho huhitajika. Tena Desemba tikiti huisha upesi, na asiyekata mapema hulala Nairobi kwa gharama ambayo hakuiweka katika hesabu.

Sisemi kwamba kumbukumbu za mzee huyu hazina thamani. La hasha! Baadhi ya aliyotwambia ndiyo yaliyotusaidia kuliko yote. Alitwambia kwamba mtoto wa bara akifika pwani atayanywa maji ya bahari siku ya kwanza, akatae kula jioni, na mama yake adhani ni malaria. Alitwambia pia tusipange jambo lolote kwa saa za adhuhuri, kwa kuwa joto la Desemba pwani humshinda aliyezoea baridi ya Kakamega. Mambo hayo hayajabadilika tangu 1991, wala hayatabadilika kesho.

Hapa ndipo msikilizaji anapotakiwa kuwa mwerevu. Katika kila kumbukumbu ya safari kuna mambo yanayozeeka na yasiyozeeka. Nauli huzeeka kabla ya mwaka kwisha. Ratiba, vivuko na barabara huzeeka pia. Waliokwenda Lamu zamani husimulia jinsi walivyovuka mto Tana kwa kivuko pale Garsen na vumbi walilokula njia nzima. Leo kuna daraja, na lami inafika Mokowe. Hata hivyo mto wenyewe haukuzeeka. Mvua za El Niño za mwaka wa 1997 ziliharibu barabara nyingi nchini, na zile za Novemba 2023 ziliikata tena barabara ya kwenda Lamu, lami ikiwepo. Anayesafiri mwishoni mwa mwaka na aulizie mvua za huko juu mto unakotoka, asitosheke na kutazama mawingu yaliyo juu ya kichwa chake.

Bahari nayo ina kalenda yake. Mwenzetu anayefundisha Kiswahili, ambaye alizaliwa Malindi, alituchukua saa nzima ya mapumziko kutueleza maji kujaa na kupwa. Wengine walisinzia. Mimi niliandika. Magofu ya Takwa, yaliyo katika kisiwa cha Manda mkabala na Lamu, hufikiwa kwa mashua kupitia mkono wa bahari unaopita katikati ya mikoko, na mashua haipiti isipokuwa maji yamejaa. Anayekwenda bila kuuliza aweza kukwama kwenye matope akitazama ndege. Kadhalika, kutembea kwa miguu kutoka mjini Lamu hadi Shela ukifuata ufuo ni matembezi mazuri maji yakiwa yamekupwa. Yakijaa wakati wa bamvua, utavua viatu na pengine utarudi nyuma. Alituonyesha jinsi ya kuhesabu kwa mwezi: mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tarajia bamvua, katikati ya nyakati hizo, maji huwa mafu. Nimekwisha kuona picha nyingi za Lamu katika vitabu vya wageni, lakini picha haimwambii mtu apande mashua saa ngapi.

Mwalimu huyo aliongeza mambo ya adabu, ambayo nayo hayazeeki. Patana na nahodha bei ya mashua kabla ya kuingiza mguu. Usimpige mwanamke picha bila idhini yake. Vibaraza vya mawe vilivyo mbele ya nyumba si benchi za umma. Ukikaribishwa, keti na uulize hali za watu kabla ya kuuliza njia. Vichochoro vya mji ule, ambao uliorodheshwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka wa 2001, ni vyembamba, na ukisikia mtu akipiga kelele nyuma yako jibanze ukutani, kwani anayekuja ni punda mwenye mzigo wa matumbawe au saruji, na punda hana breki.

Wako pia wasimulizi wasiotufaa hata kidogo. Wa kwanza ni yule asemaye, “Tulifurahia sana,” kisha akanyamaza. Alifikaje? Alilala wapi? Alitumia kiasi gani? Hasemi, kwa sababu aibu ya kusema kwamba fedha zilimwishia siku ya tatu ni kubwa kuliko hamu yake ya kutusaidia. Wazee walituambia kwamba msafiri ni maskini ajapokuwa sultani. Sioni aibu iko wapi. Mtu akiniambia kwamba alilazimika kukopa nauli ya kurudia, amenipa hesabu bora kuliko tangazo lolote la hoteli.

Wa pili ni mtishaji. Ukitaja Lamu tu, yeye hutaja mabunduki. Ni kweli kwamba mnamo Juni 2014 watu wengi waliuawa Mpeketoni, na kwamba baadaye mabasi yalilazimika kusafiri kwa msafara wa polisi. Msiba huo haufai kufichwa wala kupuuzwa. Lakini mtishaji hasemi ilikuwa mwaka gani, hasemi ni sehemu gani ya barabara, wala hasemi hali ilikuwaje mwezi uliopita. Tulipowauliza watu waliopita njia hiyo hivi karibuni, tulipata majibu ya kutuwezesha kuamua: wasafiri wa mchana, kwa basi linalojulikana, na usikilize maagizo ya vizuizini. Kati ya kutishwa na kuarifiwa kuna tofauti kubwa.

Huenda msomaji akasema kwamba siku hizi simu ya mkononi hujibu maswali yote haya. Naam, simu itakupa umbali na ramani, hata tikiti utaikata humo. Lakini picha nyingi utakazoziona humo zimewekwa na mwenye kuuza chumba, na mwenye kuuza chumba hatakuambia kwamba kisima chake kina chumvi.

Sasa nije darasani, maana hapo ndipo tunapozalisha wasimulizi hawa. Kila muhula tunawapa wanafunzi insha kuhusu safari ambayo hawataisahau, na kila muhula tunasoma safari ile ile. Jua huchomoza kama mpira wa dhahabu, ndege huimba, dereva hukanyaga mafuta, na gari hufika Mombasa bila kupitia Mtito Andei wala Voi. Mwanafunzi ambaye hajavuka mto Nzoia huogelea katika Bahari ya Hindi kwa methali nne na tashbihi sita, nasi twampa alama 17 kati ya 20. Ukimuuliza alishukia kituo gani, hajui, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba kituo kina maana. Wakati huo huo, kijana aliye kando yake, anayesafiri peke yake kila likizo kutoka Webuye hadi kwa nyanya yake Kitale, anayejua matatu ipi hubadilishwa njiani na mahali ambapo makanga humdanganya mtoto nauli, huandika sentensi fupi zilizonyooka, naye hupata 9.

Jambo hili lanikera kwa sababu lugha yetu ina urithi mkubwa wa masimulizi ya safari yenye manufaa. Mwaka wa 1901 Carl Velten alichapisha nchini Ujerumani kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli, chenye masimulizi ya watu wa pwani yetu wenyewe kwa Kiswahili. Mmoja wao, Selim bin Abakari, alisimulia safari yake ya Urusi na Siberia, na Mtoro bin Mwinyi Bakari akasimulia ile ya Udoe hadi Uzigua. Nyuma yao zaidi yuko Ibn Battuta, Mberberi wa Tangier, aliyelala Mombasa usiku mmoja mwaka wa 1331. Alipokuja kusimulia, miaka zaidi ya ishirini ilikuwa imepita, lakini tazama alichokumbuka: kwamba watu wa kisiwa hawakupanda nafaka bali waliletewa, kwamba chakula chao kikubwa kilikuwa ndizi na samaki, kwamba misikiti ilikuwa ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, na milangoni pake palikuwa na visima, kwamba anayeingia huosha miguu kwanza. Alikaa usiku mmoja tu, na mtu aliyemsikiliza angeweza kufika Mombasa ile akijua atakula nini na atawaheshimu vipi wenyeji.

Ninapendekeza, basi, kwamba angalau mara moja kwa mwaka tuwape wanafunzi insha ya namna nyingine: mwelekeze mgeni kutoka shuleni hadi nyumbani kwenu, au hadi mahali pa mbali zaidi ulipowahi kufika. Taja mwaka uliokwenda. Taja uliyolipa. Taja lililokuudhi. Kisha mwalimu ampe alama kwa kujiuliza swali moja: je, kwa maelezo haya, ningefika? Tashbihi ziwepo, sizikatai. Kiswahili kisicho na tashbihi ni chakula kisicho na chumvi. Lakini chumvi hailiwi peke yake.

Kuhusu safari yetu wenyewe, tunatarajia kuondoka wiki ya kwanza ya Desemba, na yako mambo ambayo bado hatujapata wa kutujibu. Msomaji yeyote aliyepita njia hiyo mwaka huu na atuandikie kupitia safu hii, ataje na mwezi aliosafiri. Je, basi la alfajiri kutoka Mombasa likichelewa, mashua za Mokowe husubiri hadi saa ngapi? Watoto walio chini ya miaka mitano hulipiwa nauli kamili? Na mwenzetu mmoja anasafiri na mama yake mwenye umri wa miaka 78, ambaye magoti humsumbua na hajawahi kuiona bahari. Tungependa kujua gati lile lina ngazi ngapi za kushuka maji yakiwa yamekupwa, na kama huwapo mtu wa kumshika mkono.