Mapambo ya Ramani Nayo Yaorodheshwe

Sisi wa Faza, kisiwani Pate, tukiutafuta mji wetu katika orodha za ramani kongwe, mara nyingi hatuupati: Wareno waliuandika Ampaza. Pate nayo Waingereza wakaiandika Patta. Orodha inataja mchoraji, mwaka na ukubwa wa karatasi, basi! Nataka kila andiko lipate mstari wake kwenye jedwali: lilivyoandikwa, lugha, mahali lilipo, na jina la leo.

Mapambo vilevile. Blaeu, mchoraji ramani Mholanzi wa karne ya 17, alijaza tembo barani Afrika, merikebu baharini. Pembeni akawapanga watu wa Misri, Uhabeshi, Msumbiji na Madagaska. Mpate hayumo, na mpekuzi aweze kuligundua hilo kwa kubofya tu.

Kuyatambua majina kusiachiwe wataalamu wa ng'ambo pekee. Manahodha wetu wanaujua kila mlango wa bahari.