Kosiweki kwanza, UE baadaye!

Nimepotea kidogo, si mnajua tena, UE zinaanza Jumatatu na hapa hosteli watu hatulali. Leo kitabu kimegoma kupanda kwa hasira, bora niandike nizitoe.

Jana usiku rumeti wangu kaja na kikaratasi. "Shosti, hebu nipigie hesabu. Nikipata ngapi natoka na B+?"

Hesabu yenyewe hata mtoto wa darasa la saba anaiweza. Hapa kwetu kosiweki ni 40, UE ni 60, na B+ inaanzia 60. Chukua 60, toa kosiweki yako, kinachobaki ndicho unachokidai kwenye UE. Mwenye 22 anahitaji 38 kati ya 60, kama asilimia 63 hivi. Akitaka A, inayoanzia 70, anahitaji 48, yaani asilimia 80 kamili.

Sasa tatizo: kosiweki yake haijui! Testi ya kwanza ana 9 kati ya 15, semina ana 6 kati ya 10. Testi ya pili, nayo ya 15, mpaka leo kimya. Kama kapata sifuri, kosiweki ni 15. Kama kapata zote, ni 30. Kwa hiyo B+ yake iko popote kati ya 30 na 45 kwenye UE, asilimia 50 mpaka 75. Jamani, hiyo si hesabu tena, ni ramli.

CR wetu kaenda ofisini mara tatu. Jibu: "Mkijua maksi zenu mtabweteka. Someni tu."

Hapo ndipo ninapobisha. Wanaobweteka wapo, sikatai. Lakini muhula uliopita mwenzetu mmoja alikuwa na kosiweki ya 17 na hakuijua. Yeye alidhani hata 10 haifiki. Akaona somo limeshakufa, akalitupa, nguvu zote akapeleka kwenye mengine. UE akapata 20. Jumla 37. Kufaulu ni 40. Alihitaji 23 tu kati ya 60! Kaangukia sapu kwa maksi 3. Wenzake wako likizo, yeye karudi chuoni, nauli yake, kula yake. Na hapa kwetu ukifaulu sapu, hata upate 80, unaandikiwa C. Hiyo C inamfuata kwenye GPA mpaka siku ya joho. Je, huyu alibweteka?

Kinachoniuma zaidi, somo lenyewe ni la upimaji! Humo humo tumefundishwa kwamba Michael Scriven, mwaka 1967, alitenganisha tathmini ya kurekebisha kazi ikiwa bado inaendelea na ile ya kutoa hukumu mwishoni. Scriven alikuwa anazungumzia mitaala, Benjamin Bloom akaja kulileta wazo hilo kwenye ujifunzaji darasani. Tumekariri na tutaulizwa. Haya, testi inayorudi baada ya UE inamrekebisha nani?

Nilipokuwa BTP nilikuwa na wanafunzi 80 darasa moja. Mwalimu aliyekuwa ananisimamia alinikalia kooni: karatasi zirudi kabla ya mtihani wa muhula, watoto waone walipokosea. Mimi mwanafunzi niliweza, tena natumia chaki na kibatari.

Najua darasa letu ni kubwa na karatasi hazijisahihishi zenyewe. Basi testi ya pili iwekwe mapema, na wiki moja kabla ya UE ibandikwe orodha ya namba za usajili na maksi. Karatasi moja ubaoni. Hatuombi kuongezewa hata nusu maksi.

Rumeti wangu nimemwambia ajihesabie sifuri, asomee 45. Najua kuna atakayesema, "Si umeona, sasa atasoma zaidi!" Ana mitihani mitano huyu. Masaa anayoyamwaga hapa anayachota kwenye somo lingine, na huenda ndilo lililomhitaji.

Mwaka kesho sisi ndio tutakuwa mbele ya ubao. Tukiwaficha watoto maksi zao, tusije tukasema hatukufundishwa. Tulifundishwa, tena kwa vitendo.

Naomba kuwasilisha. Mniombee Jumatatu.